Matango ya Mkono wa Kulia

Machi 3, Jumanne
Naandika kwa kushoto. Herufi zimelewa. Nitaandika kidogo kidogo.

Machi 5
Mvua ya kwanza. Mtango wa uani umeshapanda ukuta mzima.

Machi 8, Jumapili
Nimekaa na daftari tangu mchana, neno moja moja, kwa sababu haya lazima yaandikwe. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona miaka thelathini na mmoja, na hakuna mtu aliyewahi kunirudishia nguo akidai upande mmoja umezidi. Mwezi wa kwanza nikapata kiharusi. Kidogo tu, alisema daktari, kana kwamba kilikuwa chake. Mdomo umerudi, mguu umerudi, mkono wa kulia haujarudi. Umejikunja ngumi, vidole vinafunguka kwa kubembelezwa, na ncha zake hazisikii kitu. Nikishika kitambaa sijui kama ni hariri au gunia mpaka nitazame.

Leo binti yangu, ambaye humu ndani ataitwa Mkaguzi, amekuja na mumewe. Akafungua friji, akanusa maziwa, akapitisha kidole juu ya jiko. Kisha akatoa hukumu. Nina mpaka mvua ziishe. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano watakuja, na nikiweza kupika mlo mzima mbele yao, peke yangu, bila kujiumiza, nitabaki kwenye nyumba yangu. Nikishindwa, nahamia kwake.

"Kwani kwangu ni jela, Mama?" akaniuliza.

"Jela angalau mtu huambiwa kosa lake."

Mkwe wangu akaanza kutazama viatu vyake. Ni mtu mpole, na hapa alikuwa katikati ya wanawake wawili anaowaogopa.

Nimekubali. Nyumba hii nimeijenga kwa sare za shule na magauni ya maharusi, chumba kimoja kimoja. Sitoki.

Machi 10
Amekuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana nadhifu mwenye mkoba. Kaniachia mpira wa kuminya, mara mia kutwa. Nimeminya mara kumi na mbili nikajiona mjinga. Namwita Bwana Mpira. Nadhani anampelekea Mkaguzi taarifa.

Machi 12
Matango manane.

Machi 13
Kumi na moja. Nimegawa mpaka majirani wakiniona na mfuko wanakumbuka wameacha kitu jikoni.

Machi 15, Jumapili
Nimejaribu kukata kachumbari. Kulia hakuwezi kushika kisu, kushoto hakujui. Kipande kimoja kinene kama kabari ya mlango, kingine chembamba hadi unaona ubao. Mimi, niliyekuwa nakata mita sita za kitambaa bila kuchora mstari. Nimelia. Kisha nimekula vile vipande vyote ili pasibaki ushahidi.

Machi 17
Amekuja Fundi. Fundi ni mwanamke wa Kichina aliyeletwa na kiwanda cha nguo kutengeneza mashine, kiwanda kikafungwa, yeye akabaki. Ni miaka ishirini sasa. Kiswahili chake kina kasi kuliko changu, na kina maneno ya karakana ambayo mimi siwezi kuyaandika. Alikuja kuitia cherehani yangu mafuta isipate kutu, ingawa sikumwita. Akaona tango nililoanza kulikata.

"Nani kalitesa hili?"

"Mimi."

"Sasa unakata ya nini, dada? Kwetu tango halikatwi. Linapigwa."

Akachukua tango jingine, akalilaza kwenye ubao, akaweka ubapa wa kisu juu yake, akashusha kiganja. Paa! Tango likapasuka marefu kwa marefu, mbegu nje, kingo zote za hovyo. Akalirarua vipande kwa vidole kama mtu anayechana barua ya deni. Chumvi, akaliacha litoe maji. Akayamwaga maji. Kitunguu saumu kilichopondwa, siki, sosi ya soya, sukari kidogo, mafuta ya ufuta. Halafu akachemsha mafuta ya kupikia, akayamwagia pilipili iliyosagwa, ikalia chwaaa, akachanganya vyote.

Nilikula. Jasho likanitoka puani. Sijala kitu kikali na kibaridi kwa wakati mmoja maisha yangu yote.

"Mbona vipande haviko sawa?" nilimuuliza, maana mimi ni mimi.

"Vikiwa laini mchuzi unateleza. Vikiwa na makovu unashika." Akautazama mkono wangu. "Hiyo ngumi haifunguki?"

"Kwa shida."

"Nzuri. Ngumi ndiyo tunayoitaka."

Machi 18
Sina kisu kipana. Nimetumia pasi. Nimeiinua kwa kushoto nikaiangusha. Nusu ya tango iko kwenye pazia.

Machi 20
Mvua. Nimefua pazia.

Machi 22, Jumapili
Fundi ameleta kisu chake cha zamani, kipana kama daftari hili. Tumeweka kitambaa kibichi chini ya ubao usitembee. Mkono wa kushoto unashika mpini, kisu kinalala juu ya tango, ngumi ya kulia inashuka. Ya kwanza iligonga ubao. Ya pili iligonga kisu lakini tango halikujali. Ya nne, paa. Fundi hakunipongeza. Alisema tu, "Jingine."

Nimepiga matango saba. Haya, Bwana Mpira, hesabu hizo.

Baada ya Fundi kuondoka nimefanya jambo ambalo nimeahidi kutomwambia mtu, kwa hiyo naliandika. Nilichukua tepu yangu ya kupimia, nikapanga vipande vyote kwenye ubao, nikapunguza kila kimoja kwa mkasi wa kitambaa mpaka vikawa inchi mbili kamili. Vilipendeza kama safu ya vifungo. Mchuzi wote ukabaki chini ya bakuli, matango yakawa hayana ladha. Na mkasi wangu mzuri unanuka kitunguu saumu.

Machi 26
Nararua kwa vidole vya kulia sasa, nikivitazama. Nisipovitazama vinaacha kazi.

Machi 31
Bwana Mpira kapima nguvu ya mkono kwa kidude chake cha kupimia. Akapima tena. Akauliza kama ninaminya mpira mara mia. Nikamwambia mpira sijui ulipo. Nikampa bakuli. Alikula huku analia machozi, akaomba maji, akaendelea kula. Pengine si mtu mbaya.

Aprili 4
Fundi ameleta punje nyekundu kutoka kwao, vijiganda vidogo. Unavikaanga kavu, unavisaga, unanyunyiza. Nimeonja. Midomo ikafa ganzi, ulimi ukawa wa mtu mwingine. Nikamwambia, "Fundi, mkono wangu ndivyo unavyojisikia. Hivi hivi, kutwa." Kisha akajinyunyizia nyingi kwenye kijiko, akala zote, akakaa kimya na mimi mpaka ganzi ikamwisha.

Aprili 9
Mkaguzi kaja. Kanusa maziwa.

Aprili 13
Mvua siku tatu mfululizo. Matango kumi na manne. Nimetengeneza ya pilipili nyingi, ya siki nyingi, na moja ya ufuta uliokaangwa. Hii ya tatu ni yangu, hata Fundi hakuijua. Kichwa kimevimba kidogo.

Aprili 16, Alhamisi
Nimeungua. Nilikuwa peke yangu nachemsha mafuta ya pilipili. Sufuria ndogo ina mpini wa chuma, na mkono wa kulia, ambao miezi yote hii hautaki kufanya lolote, leo ulikwenda wenyewe kushika kama zamani. Haukusikia kitu. Nilimimina mafuta vizuri kabisa, nikajisifu, nikarudisha sufuria. Ndipo nikasikia harufu. Nikageuza kiganja, nikaona ngozi imekuwa nyeupe. Roho ilinitoka. Hakuna maumivu, na hilo ndilo lililonitisha. Nimemwagia maji ya bomba muda mrefu, nimefunga kitambaa safi. Mkaguzi hatajua.

Aprili 18, Jumamosi
Amejua.

Alikuja ghafla, na mimi nikavaa sweta la mikono mirefu, na nje kulikuwa na joto la mvua lile la kunata. Nikampakulia kwa kushoto, nikazungumza sana. Nilizungumzia hata siasa. Alikuwa ananitazama tu. Akanyanyuka, akanishika mkono, akavuta mkono wa sweta. Malengelenge yalikuwa yamepasuka kwenye kitambaa.

"Lini?"

"Juzi."

"Ulikwenda hospitali?"

"Kwa kidonda hiki?"

Akanipeleka. Muuguzi akasafisha, akasema nina bahati, wengine huja baada ya wiki na kidonda kimeoza kwa sababu hawasikii. Nilitamani muuguzi yule apatwe na kigugumizi.

Tuliporudi, Mkaguzi akasimama katikati ya jiko langu.

"Basi, Mama. Hatungoji mwezi wa tano. Chumba nimeshakipaka rangi."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana bila kujiumiza. Umejiumiza."

"Hiyo ni siku ya mtihani. Leo si siku ya mtihani."

"Unaongea kama mwanasheria! Mkono umeungua!"

Nikamwambia neno baya. Nikamwambia anataka kunikunja na kuniweka kabatini pamoja na nguo za baridi, anitoe akiwa na wageni. Uso wake ulibadilika. Sikuwahi kuuona hivyo tangu akiwa mdogo, siku niliyosahau kumfuata shuleni kwa sababu ya gauni la bibi harusi.

"Kuungua mtu yeyote anaungua," alisema, polepole. "Umenificha. Umekaa hapo na sweta unaniambia habari za siasa. Nikiwa kule kwangu nitajuaje lingine unalonificha? Nitalalaje?"

Akaondoka. Nimeandika kurasa hizi mbili nikitafuta mahali ambapo mimi nina haki na yeye hana. Nimepaona mahali pamoja tu, napo ni kwenye lile la mkataba.

Aprili 19, Jumapili
Mvua. Sikupiga tango.

Aprili 20
Vivyo hivyo.

Aprili 21
Fundi. Nikamweleza yote nikitegemea aniunge mkono. Akanisikiliza akiwa anafuta mashine.

"Mteja akiniletea cherehani," alisema, "akaniambia ni nzima, ila ina sauti kidogo, najua amevunja kitu na anaona aibu. Huyo ananipotezea siku nzima. Anayesema nimevunja hiki, namtengenezea saa hiyo hiyo."

"Mimi si cherehani."

"Cherehani haina kiburi. Mkono wako hausikii moto, sivyo?"

"Hausikii."

"Una mikono mingapi?"

"Fundi, usinifanye mtoto."

"Mingapi?"

"Miwili."

"Basi gawa kazi. Huu upige. Huu ushike moto. Kila mmoja na zamu yake."

Hasira zilinishika kwa sababu ni jambo dogo sana na sikuliwaza. Katika kushona, kitambaa ambacho hakipaswi kuingia chini ya sindano tunakitia alama kwa uzi. Nimekata uzi mwekundu, nikaufunga kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Wenye uzi hauvuki kwenda jikoni kwenye moto.

Aprili 22
Nimempigia Mkaguzi. Nilikuwa nimeandika orodha kwenye karatasi ili nisiogope katikati. Nikamsomea. Mwezi wa tatu niliteleza bafuni nikagonga nyonga. Siku mbili nilisahau vidonge. Nilitia sukari kwenye maharage nikala hivyo hivyo. Niliangusha pasi juu ya tango. Nilikata matango kwa mkasi wa kitambaa. Niliungua na nikakuficha, na kukuficha ndiko kulikokuwa kubaya, na lile neno la kabati nalitoa.

Nikadhani simu imekatika.

"Kwa pasi, Mama?"

"Kwa pasi."

Akaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka kikawa kilio, na mimi huku nimeshika karatasi. Akasema mpango uendelee mpaka mwisho wa mwezi wa tano, ila kila jioni nimpigie nimsomee ya siku hiyo. Nimekubali. Niliona aibu, na nilijisikia mwepesi.

Aprili 30
Kiganja kinapona. Nimemsomea: leo hakuna kitu. Hakuamini. Nikamwapia.

Mei 6
Matango tisa. Mtango umeanza kuchoka, majani ya chini ni manjano.

Mei 12
Bwana Mpira kapima. Akasema namba imepanda karibu mara mbili tangu mwezi wa tatu, akataka kujua zoezi. Nikapiga tango mbele yake. Akaomba kupiga. Mbegu zikamrukia shati lake jeupe, naye akaonekana kijana wa miaka kumi na tano. Kasema atawashauri wagonjwa wengine. Nimemwambia aseme limetoka kwangu na kwa Fundi.

Mei 17, Jumapili
Leo tango la kwanza limepasuka kwa pigo moja, safi, kutoka ncha hadi ncha. Nililiacha mezani nusu saa kabla ya kulirarua, nikawa napita nalitazama. Sijajivunia kitu hivi tangu suti ya kwanza niliyoishona peke yangu. Nilimpigia Mkaguzi nikamsomea hilo nalo. Akasema, "Hilo si la orodha, Mama." Nikamwambia leo ni la orodha.

Mei 24
Mvua nyepesi. Mazoezi. Wali, mayai, matango. Wali umeungua chini kidogo. Nimemsomea.

Mei 30
Sina hamu ya kula. Nimefunga uzi mpya.

Mei 31, Jumapili
Walikuja saa tano. Mkaguzi, mumewe, na Fundi ambaye nilimwalika mimi. Mkaguzi hakufungua friji. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

Nilianza na wali. Kupima, kuosha, kufunika. Mayai nilivunja kwa kushoto, ganda moja likaingia, nikalitoa kwa kijiko. Mkwe wangu aliponiona nahangaika na ganda akanyanyuka, na mkewe akamvuta shati akakaa.

Kisha matango. Nikatandika kitambaa kibichi, nikalaza ubao, nikaweka kisu. Ngumi ya kulia ikashuka. Sita, moja baada ya jingine, na kila paa ilimrusha mkwe wangu kidogo kwenye kiti. Nikararua kwa vidole vyangu vya kulia bila haraka. Chumvi. Wakati yanatoa maji nikaponda vitunguu saumu, nikachanganya siki na sosi. Nikamwaga maji. Nikabandika sufuria ndogo ya mafuta.

Mafuta yalipoanza kutetemeka nilikuwa namwangalia binti yangu. Hilo lilikuwa kosa. Mkono wa kulia ukaondoka. Ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka thelathini, vidole vimefunguka kabisa, vimefunguka vizuri kuliko siku yoyote, kuelekea ule mpini wa chuma. Nikauona uzi. Ulikuwa mbele ya macho yangu, mwekundu, juu ya moshi. Nikasimama. Mkono nao ukasimama hewani, pengine upana wa kidole kutoka kwenye chuma. Mkaguzi alikuwa ameshasimama, kiganja mdomoni. Hakuna aliyenisaidia. Nikaushusha mkono, nikauweka mfukoni mwa aproni, nikachukua kitambaa kwa kushoto, nikashika sufuria, nikamimina. Pilipili ikalia.

"Umeona," nilimwambia.

"Nimeona."

"Hili lingeweza kutokea nikiwa peke yangu. Nakuambia kabla hujauliza."

"Najua, Mama."

Tukala. Mkwe wangu alitoka jasho mpaka kola ikalowa, akarudia mara tatu, akatangaza kwamba hasikii midomo yake na hahitaji kuisikia. Fundi alionja bakuli nililonyunyizia ufuta uliokaangwa, akaweka kijiko chini, akasema, "Hii sikukufundisha." Kutoka kwake hiyo ni medali. Nimevimba kichwa na sioni haya kuandika.

Mkaguzi alikula mpaka bakuli likaisha. Machozi yalikuwa yanamtoka, na pilipili haikuwa sababu yote.

"Unabaki," alisema.

Nilingoja furaha nikaona uso wake, na furaha ikaja na kitu kingine. Nikamuuliza rangi ya kile chumba ni ipi.

"Kijani hafifu. Ile ya gauni lako la Jumapili, ulilokuwa ukivaa kunifuata shuleni." Akajifuta na mgongo wa mkono. "Nilitaka uje, Mama. Mkono ulinipa sababu tu."

Miezi mitatu nimemwandika humu kama askari. Nimemwita Mkaguzi kila ukurasa. Binti yangu alikuwa ananikumbuka akiwa umbali wa nusu saa, na hakujua namna ya kuniambia bila kunusa maziwa. Nikamkumbatia kwa mikono yote miwili. Ule wa kulia ulimsikia, si sana, lakini ulimsikia.

Juni 3, Jumatano
Mvua zimekwisha. Jua tangu asubuhi.

Binti yangu kapiga simu mchana, sauti ya chini, kama mtu aliyevunja kitu cha watu.

"Mama, nimejaribu ile ya matango. Imekuwa supu."

"Ulitia chumvi?"

"Nilitia."

"Ukangoja yatoe maji?"

"Dakika ishirini."

"Ukayamwaga?"

"Si ndiyo mchuzi wenyewe?"

Nilifurahi kwa dakika nzima kabla ya kumjibu. Sikuificha furaha yangu, na yeye aliisikia. Akasema basi nije kwake Jumamosi nimwonyeshe, atanifuata na gari, chumba kipo.

"Njoo wewe," nikamwambia. "Jumamosi, saa nne, na njaa yako. Matango yako kwenye ua wangu, kisu kiko jikoni kwangu, na mimi naishi hapa."